Shoka Kwenye Maporomoko ya Tisa

Kituo cha mwisho cha simu ya waya, 9 Januari 1912

Dada yangu mpendwa Eufrásia,

Salamu nyingi. Mimi mdogo wako ni mzima, na mume wako, shemeji Quirino, ni mzima kuliko mimi. Anakula kwa ajili ya watu wawili. Hofu yetu ni kwenu, wewe na binti yenu Benedita.

Kesho tunaingia mtoni. Mitumbwi saba, wapiga kasia kumi na sita. Mto huu hauna jina, wala hakuna ajuaye unakoishia. Kapteni Vidigal ana karatasi nyeupe, na kazi yake ni kuuchora. Quirino alimwuliza, "Bwana Kapteni, na ukiishia ukutani?" Kapteni alicheka. Sajenti Galdino, anayegawa chakula na kusimamia kazi, hakucheka. Alimzaba Quirino kofi na kusema kwenye safari hii mdomo ni wa kulia chakula tu.

Usimwogope huyo. Shemeji alipangusa mdomo akanikonyeza.

Barua hii anaichukua mchunga nyumbu wa mizigo anayerudi mjini. Baada yake hakuna njia ya kuandika mpaka tutokee upande wa pili, mjini Manaus.

Mdogo wako,
Belarmino

*

Cáceres, 20 Februari 1912

Mdogo wangu Belarmino,

Salamu. Sisi hatujambo, ila Benedita alipata homa, sasa anakimbia tena. Naipeleka barua hii Manaus ikakungoje huko.

Sikuficha hasira yangu mlipoondoka na sitaificha sasa. Quirino alikuwa na kazi yake ya ngozi, na mtoto wa miaka saba. Ni wewe uliyekuja jikoni kwangu na habari za mto. "Shemeji, twende tukaone dunia." Dunia gani, Belo? Umemchukua mwenyewe, umrudishe mwenyewe. Mkivuka pabaya, kaeni mtumbwi mmoja.

Mwambie Quirino mama yake anamsalimu, na mimi nimenyamaza kwa kuwa nikianza sitamaliza.

Dada yako,
Eufrásia

*

Manaus, 2 Julai 1912

Dada yangu,

Salamu. Mimi ni mzima, ingawa nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini. Barua yako nimeikuta.

Dada, kaa chini. Quirino hayupo. Maji yalimchukua mwezi Aprili, kwenye maporomoko ya tisa, pamoja na Sajenti Galdino. Mtumbwi ulipasuka. Hatukuwapata. Hakuteseka.

Tuliingia ishirini na wawili, tumetoka kumi na mmoja. Sina nguvu ya kuandika zaidi. Mpe mama yake pole zangu.

Mdogo wako,
Belarmino

*

Cáceres, 15 Septemba 1912

Belarmino,

Sikuulizi hali. Tibúrcio, yule mpiga kasia mwenzenu, amerudi. Alikunywa siku mbili, ya tatu akasimama mbele ya duka la mikate akawaambia watu wote kwamba mume wangu alimwua Sajenti Galdino kwa shoka, na kapteni akampiga risasi.

Nilimfuata mpaka kwake. Nikamwambia, "Tibúrcio, mdogo wangu ameandika ni maji." Akasema, "Ni kapteni aliyetuambia tuseme maji, mama, kwa heshima ya msafara. Mimi nilimwona Quirino na shoka mkononi. Mdogo wako alikuwepo kabla yangu. Muulize yeye."

Jumapili ndugu yake Galdino alinisubiri nikitoka kanisani. Alinipiga ngumi, nikaanguka mbele ya watu. Hakuna aliyeniinua, waliniita mke wa muuaji. Benedita amepasuliwa nyusi kwa jiwe shuleni. Sasa namficha ndani.

Nimelala na mtu yule miaka tisa. Alikuwa hawezi hata kuchinja kuku, nilikuwa namchinjia mimi. Niambie kilichotokea. Mimi si mtoto.

Eufrásia

*

Manaus, 20 Novemba 1912

Dada Eufrásia,

Nimeianza barua hii mara sita.

Yale maji ni uwongo. Mto ulituua tangu wiki ya kwanza. Mitumbwi minne ilipondwa kwenye mawe, na chakula kikaenda nayo. Wenyeji wa msitu ule walitupiga mishale. Honorato alikufa na mshale kooni, mkono bado umeshika kasia. Siwalaumu, hakuna aliyetualika. Kufikia Aprili tulikuwa tunakula vilele vya michikichi na konzi moja ya unga wa muhogo kwa siku.

Kwenye maporomoko ya nane, mtumbwi ulimbana Quirino mguu kwenye jiwe. Mfupa ulitokeza. Baada ya siku tano ulikuwa mweusi mpaka juu ya goti, na funza ndani. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, dada. Bado alikuwa anatania. Alisema mimi ni nyumbu mzuri ila nanuka.

Kwenye maporomoko ya tisa tulilazimika kuvuta mitumbwi nchi kavu. Mimi nilikuwa nakata magogo ya kuitelezeshea, Quirino ameegemea mti karibu yangu. Wengine walikuwa nyuma na kamba. Sajenti akaja.

"Inuka, gogo wewe! Kamba zinangoja."

"Sajenti, mimi nimekubali, mguu ndio umekataa. Uombe wewe, labda utakusikia."

Akampiga usoni kwa kitako cha bunduki. Meno yakatoka. Akampiga tena. "Asiyebeba hali," akasema, akamkamata ukosi akaanza kumburuta kuelekea kwenye maji. Quirino alikuwa anachimba udongo kwa kucha. Hakupiga kelele. Aliniangalia mimi.

Nilimpiga Galdino shoka nyuma ya shingo. Mara mbili. Ya pili haikuwa na haja.

Tukasikia wenzetu wanakuja. Quirino akasema, "Nipe hilo shoka." Nikamwambia, "Shemeji, hapana." Akasema, "Mimi kesho sifiki, na wewe unajua. Wewe una mabega. Nipe, mjinga wewe, kabla hawajatokea." Nikampa. Hivyo tu, dada. Sikubishana mara ya pili. Mikono yangu ilimpa kabla sijaamua, na sitasema niliamua vingine.

Kapteni alitokea pamoja na Tibúrcio. "Nani?" Quirino akajibu, "Mimi."

Kapteni aliutazama mguu ule, akaitazama maiti, akanitazama mimi na damu iliyonirukia shati. Mtu asiyeweza kusimama anampigaje shoka la shingo mtu wa kimo kile? Hakuuliza. Alikuwa amebakiwa na wabeba mizigo wachache, na mimi nilikuwa bado nabeba. Akatoa bastola akamwambia Quirino asali.

Quirino akaniambia, "Belo, nina kiu. Nenda kanichotee maji."

Nikaenda. Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni nikausikia mlio. Nikarudi na kofia imejaa maji.

Sasa unajua. Nipo bandarini hapa, nabeba magunia ya mpira. Siombi kitu.

Belarmino

*

Cáceres, 28 Januari 1913

Belarmino,

Nimesoma barua yako. Nilipofika kwenye kofia niliiweka chini nikatoka kupasua kuni mpaka viganja vikachubuka. Kisha nikamsomea mama yake Quirino yote. Yule bibi akasema, "Mwanangu alikuwa mjinga siku zote kwa watu aliowapenda." Akalala siku mbili bila kula.

Ungeniambia umemwua Galdino, ningekupikia. Yule hata mimi ningemwua. Lakini miezi minne uliniacha nikipigwa ngumi kwa kosa lako, na jina la mume wangu likiburutwa matopeni, nawe umekaa huko salama.

Padre anasema niichome barua. Ningeweza pia kuipeleka kwa jaji leo hii. Sitafanya lolote kati ya hayo. Kazi hiyo ni yako. Njoo useme kwa kinywa chako, mchana, mbele ya watu wale wale. Benedita anaulizia mjomba. Nimemwambia utafika kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi Juni.

Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza.

Dada yako bado,
Eufrásia

*

Gereza la Cáceres, 19 Juni 1913

Dada yangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Nilishuka melini Jumatatu. Nilipita barabara yako lakini sikubisha hodi, niliogopa ukinifungulia ningekaa. Nilikwenda moja kwa moja kwa jaji. Nimesema kila kitu, na la kofia pia. Jaji alimwagiza karani, katika jalada la kifo cha Galdino lililoandikwa kwa maneno ya Tibúrcio, alifute jina la Quirino na kuandika langu, kisha likasomwa mlangoni kwa sauti, watu wakisikia. Ndugu yake Galdino alikuwepo. Askari wawili walimshika. Hata hivyo alinifikia, na sasa jicho moja halioni vizuri. Nilimwacha apige.

Wanasema ni miaka mingi. Sawa.

Njoo ukitaka, usije usipotaka. Dirisha langu linatazama soko. Jana nilimwona Benedita, peke yake, na kikapu kichwani. Alikuwa anagombana na muuza samaki mbele ya watu, mkono kiunoni kama baba yake, mpaka akaongezewa samaki wa pili. Watu wakacheka naye. Sikumwita.

Mdogo wako,
Belarmino