Yaya, Nimemtoa Naomi Uwanjani

Yaya Odile, dada yangu mkubwa,

Timu yako ya mpira wa mikono ilifungwa fainali Jumapili, na mtaa mzima hapa Kampemba unasema ni mimi niliyewaangusha. Nilimzuia binti yangu Naomi kucheza. Nataka uisikie kwangu kabla ya Mama Mukubwa, maana yule atakufuata hata makaburini kunishtaki.

Tangu lile lori la njia ya Kasumbalesa likuchukue, mambo yalikwenda mbio. Siku ya kumaliza kilio, familia ilimchagua Naomi akupyane: apewe jina lako, akae mahali pako. Mtoto wa miaka kumi na tatu! Mimi mama yake nikaanza kumwita yaya. Kocha naye hakuchelewa, akampa nafasi yako uwanjani na penati zote. Mazoezi kila siku baada ya shule, kisha nyumbani tena anarusha mpira ukutani mpaka tofali zinamwaga vumbi.

Bega lilipoanza kumuuma, Mama Mukubwa alifurahi. "Ile maumivu ni Odile iko anaingia mu mukono," alisema. "Mumuache, atazobelea, atazoea tu." Wote wakaitikia. Na mimi, Yaya, nilitaka iwe kweli. Akiruka kurusha, kichwa kimeinama kushoto, nilikuwa nakuona wewe. Ningekaa pale uwanjani hata mvua inyeshe.

Asubuhi moja akaniletea kichana. Mkono ulikuwa haupandi. Nikakumbuka miaka yako ya mwisho ya kucheza, nilivyokuwa nakuchana nywele mlango umefungwa, na wewe unaniambia, "Usiambie coach." Basi hukuwa umeingia kwa Naomi. Huo ulikuwa mkono uliochoshwa tu, kama wako.

Daktari alituonyesha picha. Mfupa wa mtoto bado unakua, na pale juu begani, mahali pa kukulia, pameanza kuachana kwa kurusha kupita kiasi. Apumzike hadi likizo kubwa. Akiendelea, mkono unaweza kuharibika moja kwa moja.

Naomi anakula akinigeuzia mgongo. Mama Mukubwa anasema nimekuzika mara ya pili, na neno hilo linaniuma. Uwanjani sikanyagi tena. Bado ninakulilia, Yaya, kuliko hata siku ile ya kwanza.

Lakini nakuahidi: mtoto hatarusha hata jiwe mpaka daktari aseme, na nimerudi kumwita Naomi. Wewe lala salama. Na kama kweli unatafuta mkono wa kuingia, njoo uingie huu wangu. Mifupa yangu ilishakomaa, na hakuna kocha anayeutaka.

Mdogo wako,
Georgette