Mkono Uliobaki Begani kwa Ormur

Bondeni, mwanzo wa baridi

Kwako kaka yangu Ketill,

Pokea salamu za mdogo wako Bersi, nikiomba zikukute mzima wewe na shemeji Unnur, na goti lako liwe limeacha kukusumbua kwenye ngazi za huko Akureyri. Sisi huku wazima. Theluji imewahi, kondoo wote wako ndani, na yule dume wa pembe moja bado ananichukia. Mimi mwenyewe ni mzuri wa sura kama kawaida, ila chakula hakipiti. Sababu yake utaiona mbele.

Shemeji aliniambia kwamba uliiona ile picha mpya ya ukumbini, ukasema bonde limeshakujibu na hutarudi tena hata kuzikwa. Nilipomwambia ni mashine iliyokukosea, akakufikishia, eti ulicheka vibaya, ukauliza ni mashine gani hiyo inayojua ugomvi wa watu. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatia.

Kaka, naikumbuka vizuri siku yenyewe. Tangu ugombane na jirani yetu Ormur juu ya ule ua wa malisho ukahama, hukuwahi kuja kwenye kuchambua kondoo, siku wanaposhushwa kutoka mlimani na kila mtu kuchukua wake. Vuli hii ukaja, umevaa sweta ya kijivu aliyokufumia mama, ukajisimamia peke yako kwenye ukuta wa zizi kama mgeni. Tulipoitwa kupiga picha, ukasogea nyuma ya Ormur ukamwekea mkono begani. Ormur hakugeuka, lakini mkono hakuutoa. Mimi niliyelewa katika bandari zote kuanzia Hull hadi Murmansk, niligeukia pembeni nikajifanya napenga kamasi.

Baadaye, wewe umesharudi Akureyri, tukakutana ukumbini kunywa kahawa. Gróa, mwenyekiti wetu, alitaka picha ile ichapwe kubwa, itundikwe ukutani kwa sherehe ya ukumbi. Tatizo, alisema, ni kilichoko nyuma yetu: mawingu, trekta bovu na kondoo aliyeinua mkia, watu wa mjini watatucheka. Akataka kumtafuta fundi wa Reykjavík. Nikamwambia asijisumbue, kompyuta nilijifunzia melini kwa Wareno, kazi hiyo naimaliza kahawa yake haijapoa. Akanijibu kwamba shule niliikimbia kabla ya kufundishwa kufunga mlango, na kwamba choo cha ukumbi, tangu nikitengeneze mimi, kinaimba usiku na mchana. Watu wakacheka mpaka keki zikawapalia. Nami, kwa kiburi changu, nikafungua kompyuta palepale mbele yao.

Programu yenyewe haina ujanja. Unabonyeza mara moja, inajiamulia nani mtu na kipi ni cha nyuma, cha nyuma chote kinafutika. Mawingu yakaenda, trekta likaenda, kondoo akaenda na mkia wake. Nikatuwekea mlima wenye jua. Wakapiga makofi, na Gróa akakiri kwamba kumbe kichwa changu si cha kuvalia kofia tu. Picha ikachapwa, ikatundikwa. Wewe humo.

Kila aliyeniuliza nilimwambia ni mashine. Na ni kweli, kaka. Uso ulikuwa umeuinamisha nyuma ya kofia ya Ormur, na sweta ile ina rangi ileile ya mawe ya zizi. Mashine ilikuona ukuta.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine sijawahi kuisema.

Mkono wako haukufutika. Wenyewe ulikuwa juu ya koti jeusi la Ormur, kwa hiyo mashine iliuacha, mkono mtupu begani mwa mtu, hauna mwenyewe, na ule ukucha wako uliopondwa na nyundo. Niliuona. Nilijua ni wako, nikajua umeondoka. Kukurudisha kungetaka nikae nikuchonge taratibu kutoka picha ya awali jioni nzima, na Gróa alikuwa ameshika kikombe, ananiuliza kwa dharau kama aongeze kahawa ya moto ili nipate muda zaidi. Nikachukua kifutio nikausugua mkono wako mpaka koti la Ormur likawa safi. Mashine ilikosea. Mimi sikukosea, nilifanya kusudi.

Na hujui Ormur alielewaje. Alidhani umejuta, umeagiza mwenyewe utolewe usionekane naye. Hakukanyaga tena ukumbini. Jana nikamwendea akiwalisha kondoo, nikamweleza kama ninavyokueleza. Akamaliza kulisha kwanza. Kisha akasema mimi ni farasi aliyefundishwa kubonyeza, na matusi mengine ambayo hata melini sikuyasikia. Mwisho, akiwa amenipa mgongo, akasema mkono ule alirudi nao nyumbani siku ile, mzito. Akauliza mwenye mkono anakuja lini.

Gróa naye nimemwambia, mbele ya walewale waliopiga makofi. Hakuna aliyecheka, na wewe unajua hilo kwangu lina uchungu gani. Ile ya mlima tumeitungua. Ndani ya bahasha hii kuna picha yenyewe, na mawingu yake, trekta na mkia, na wewe. Moja kama hiyo iko ukutani tangu asubuhi.

Msalimie sana shemeji, umwambie anisamehe kwa kumdanganya. Dume wa pembe moja hana salamu kwa mtu. Ukipenda jibu, na ukikosa la kuandika, njoo tu.

Ni mimi mdogo wako, leo sina la kujisifia,

Bersi