Neno Langu Juu ya Bonde la Mafunjo

Kagarama, Kigali
Machi, 1992

Mdogo wangu mpendwa Deogratias,

Amani ya Mungu ikukute umeketi kibarazani, wala si kitandani. Nauliza kwanza habari za goti lako, kisha za kifua cha shemeji yangu Yustina, maana baridi ya mvua hizi haijapata kumpenda. Mimi ni mzima, ila macho yanadai taa mapema kuliko zamani. Binti yangu Febronia na mumewe wananitunza mno hapa nyumbani kwao, hata sipati nafasi ya kulalamika kama impasavyo mzee.

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa aliyevuka mpaka wa Rusumo, nami nimeisoma hata mikunjo yake inataka kukatika. Umeniuliza jambo moja, nalo ni zito. Mwanao, mwanetu Dismas, ameoa na hana shamba la kumtosha. Kiangazi kikianza anataka kuchimba mfereji, akaushe bonde la mafunjo tuliloachiwa na marehemu baba, alichome, kisha apande viazi na kabichi. Kwa desturi yetu jembe haliingii bondeni pasipo neno la mrithi mkubwa, na mrithi huyo ni mimi. Nakushukuru kwa kuningoja. Wapo ambao ndugu yao akiwa mbali humwarifu baada ya mavuno.

Ningalikujibu upesi, na pengine vibaya, lau si kazi niliyoipata hapa. Ukishuka kilima chetu upande wa kusini utakuta bonde pana la mafunjo, na kando yake mashamba yaliyokaushwa zamani. Humo wamo wataalamu wanaopima jinsi mimea na udongo vinavyopeana hewa na maji na anga. Msimamizi wao ni Bwana Faustin, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Alihitaji karani anayejua Kiswahili na Kifaransa kidogo, na padre wa parokia akamtajia jina langu. Mungu ambariki padre huyo kwa kukumbuka mzee.

Kazi yenyewe ni hii. Fungu la mafunjo machanga hufunikwa kwa sanduku angavu la plastiki. Mrija hutoka humo hadi kwenye mashine yenye sindano. Hewa ya ukaa, yaani ile tunayoitoa tukipumua, ikizidi sandukuni, sindano hupanda. Majani yakiila, hushuka.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa, kwa kuwa utelezi ulinizuia mteremkoni. Nilimkuta Faustin amechuchumaa, sanduku halijafungwa juu. Ikanipasa kumwomba radhi. Nikavua kofia, nikainama, nikaanza kueleza habari za matope, za mwavuli, na za malezi tuliyopewa misheni kuhusu kushika saa. Kadiri nilivyoomba radhi, ndivyo sindano ilivyopanda.

“Muzehe!” akapiga kelele. “Wewe iko napumua ndani! Mashini iko nafikiri tumefungia ng’ombe humu!”

Nikainama zaidi kumwomba radhi kwa kosa hilo jipya. Sindano ikagonga mwisho wa kibao.

“Muzehe, tafadhali,” akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, “omba radhi ukitazama Burundi.”

Kosa langu lilifichua shida kubwa zaidi. Watu wa hapa, kama sisi, hawampiti mtu bila kumsalimu, na salamu yao ni ya kushikana mikono yote miwili na kuulizana habari za nyumba nzima. Wanawake waendao mashambani walikuwa wakija hadi kwenye sanduku, wakiinama na kusalimu. Faustin alipowasihi wapite kimya waliudhika. Mmoja, Mama Esperansi, alisema kwa sauti ya kusikika ng’ambo: “Hawa watu ya mashini hawakuzaliwa na mama? Walitoka ndani ya hiyo sanduku?”

Basi ikaamuliwa nisimame juu ya tuta, mbali na sanduku, mahali ambapo upepo hauleti pumzi zetu kwake, nipokee salamu kwa niaba ya wote. Ukarani wenyewe amepewa mwingine. Ndugu yangu, katika uzee huu nimeajiriwa kusalimu. Sikujua kwamba Mungu ameiweka kazi inayonifaa namna hii.

Na kwa kuwa nasimama pale, nimeona mengi. Jua likiwaka, sindano hushuka: majani yanakula ile hewa niliyolichafulia sanduku. Wakilifunika kwa kitambaa cheusi mfano wa usiku, hupanda kidogo, maana hata jani hupumua. Lakini chakula hicho hakirudi chote angani. Mafunjo yakifa huanguka majini, na kwa kuwa maji yamewafungia hewa wale wadudu wasioonekana wanaoozesha, hayaozi yakaisha. Walichomoa tope kwa bomba refu, wakaniwekea mkononi. Lilikuwa jeusi, laini, na ndani yake nyuzi za mafunjo yaliyosimama kabla babu yetu hajazaliwa. Nililishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe.

Kisha wakahamishia sanduku kwenye shamba lililokaushwa, juu ya udongo mtupu katikati ya matuta ya viazi. Jua lilikuwa la utosi, nami nikangoja sindano ishuke. Ikapanda, wala hakuna aliyeipumulia. Faustin akanieleza kwamba maji yakiondoka hewa huingia, na ile akiba ya zamani zote huanza kuoza, kama kuni ziunguazo bila moto, ikipaa kidogo kidogo.

Mama Esperansi, ambaye sasa tunasalimiana kama ndugu, ana shamba pale pale. Nilimwuliza habari za udongo wake.

“Miaka ya kwanza, Muzehe, viazi ilikuwa kama kichwa ya mtoto,” akasema. “Sasa udongo iko nashuka. Zamani nikisimama hapa niko sawa na barabara. Leo barabara iko nanitazama utosini.”

“Na maji?”

“Maji ya kunywa natoa kule ng’ambo. Hapa kulikuwa na chemchemi. Uliza mgongo yangu.”

Habari za maji nazo nimeziona. Wakifungia shina la mafunjo mfuko wa nailoni asubuhi, kabla ya chai ya saa nne mfuko umelowa ndani kama paji la mpishi. Kule msituni Nyungwe, walikonipeleka kwa gari mwezi uliopita, hufanya hivyo hivyo kwa miti, nako ukungu hupanda kutoka msituni kabla mvua haijashuka juu yake. Majani huyainua maji, upepo huyachukua, nayo huanguka kwa watu wasioujua msitu huo wala kuushukuru. Nilifikiri, ni mvua ngapi nimeshukuru bila kujua shamba la nani lilizituma.

Nisikufiche upande wa pili. Bonde si malaika. Hutoa pia gesi nyingine, ile ya mapovu ya kinamasi inayoshika moto, na Faustin anasema hesabu yake bado haijakamilika. Tena nilipomwambia habari za Dismas, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kupata jibu, alinitazama kwa huruma.

“Muzehe, ukimwambia kijana hapana, atakula nini? Majani inakula hewa. Ule bibi alioa haiwezi.”

Kisha akarudi kwenye mashine yake. Neno hilo lilinifuata mlimani hata nyumbani, hata Febronia akaniuliza kwa nini sigusi uji. Maana ni rahisi kwa mzee aliye mbali kulinda bonde kwa tumbo la kijana aliye karibu.

Kwa hiyo sikiliza neno langu, ulisome mbele ya Dismas na mbele ya wazee wa ukoo.

Mfereji usichimbwe. Bonde libaki na maji yake na mafunjo yake, watu wakate ya kuezekea na ya mikeka kama siku zote, na chemchemi yake inywewe na wote.

Na kibanja changu, migomba yote na mibuni, kuanzia mpaka wako hadi kwenye mwamba, nampa Dismas. Asingoje nife. Najua angekipata nikifa. Nataka akipate yeye akiwa na nguvu, nami nikiwa na macho ya kumwona akilima. Aache tu ile pembe alikolala marehemu mke wangu, na nafasi ya mtu mmoja kando yake. Asilime hapo hata maharage.

Nilikuwa nimejiwekea kibanja hicho kwa siku za kurudi, wewe wajua. Sasa nitakaporudi sitakuwa na nyumba ya kufikia. Naona haya kuomba, Deogratias, maana umekwisha kunitendea mema mengi: ulimbeba mgonjwa wangu hadi zahanati mabegani, na kaburi lake unalifyeka bila kukumbushwa. Hata hivyo naomba chumba kimoja nyumbani kwako, kile cha upande wa jiko, ambacho Yustina hutunzia mbegu. Nitalala na mbegu zake bila kuzisumbua.

Msalimie sana shemeji Yustina, na mke wa Dismas ambaye sijamwona, umwambie mzee huyu anamshukuru kwa kuingia katika ukoo wetu. Msalimie shangazi Paskazia, na katekista wetu wa kigango. Dismas mwenyewe usimpe salamu. Mpe jembe langu lililo darini, ndilo salamu.

Kama chumba hicho hakitawezekana, niandikie bila kuona haya, nami nitaelewa.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Melkiori