Defne Haitikii Jina

Baba,

Bi Müzeyyen wa ghorofa ya chini atakuwa ameshakwambia kwamba leo asubuhi nimempiga Defne ngazini. Sikumpiga. Nilimshika mkono tu, na aliyelia ni mimi.

Supu ya dengu iko jikoni, ipashe moto. Mtoto anatoka shule saa saba, kamchukue wewe, mimi niko kiwandani nashona mpaka jioni.

Yule mwalimu mpya alipiga simu kuuliza Defne anaumwa nini, maana siku tatu hajafika. Baba, anakaa dawati la mbele! Akiitwa kwa jina la ukoo wa baba yake, Defne Karaca, ananyamaza, basi anaandikwa hayupo. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe itikia tu." Akanijibu, "Wewe Özbilen, babu Özbilen. Kwetu hakuna Karaca." Ana miaka saba. Mdomo huo kaurithi kwako.

Mimi talaka ilinirudisha kwenye jina lako bila kuulizwa na mtu. Yeye kulipata jina hilo ni mpaka hakimu akubali, na wakili anasema lazima nilete shahidi wa nyumbani. ~~Kama unaona haya, nitamwomba kaka Tuncay.~~ Hapana. Jina ni lako, nakutaka wewe.

Jana nilikuuliza, ukaongeza sauti ya televisheni. Juzi ulisema mtoto ni wa baba yake, ukaenda kulala.

Kesi ni Alhamisi saa tatu. Utakuja? Kama kusema ni vigumu, niandikie hapa chini, nimeacha nafasi.

Binti yako,
Gülten