Kompyuta ya Mwalimu Kornelia

Nangwa, 11 Februari 2024

Kwa binti yangu Leticia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mjukuu wangu Judica hamjambo huko Mwanza, na kazi ya pale redioni inakwenda. Sisi tupo. Mvua si mbaya, mahindi yamefika kiunoni, ng'ombe wana majani. Masikio yangu ndiyo yameisha kabisa, mtu nisipomtazama midomo simwelewi. Simu zako naziona zinawaka, kisha zinazima. Basi tuendelee kuandikiana hivi hivi, mizigo ya basi inafika Katesh bila shida.

Mama yako mwili ni mzima. Kichwa ndiyo hivyo unavyojua. Shida iliyonikalisha niandike ni kompyuta yake, ile nyeusi ya vitufe vya mpira aliyoachiwa na yule mwalimu mgeni wa fizikia kabla wewe hujazaliwa. Kila asubuhi alikuwa akikaa nayo. Anaweka kaseti, anasubiri, linakuja lile zoezi la hesabu alilolitunga mwenyewe kwa ajili ya kidato cha kwanza, basi anafundisha watoto ambao hawapo. Muda huo mimi nakamua, nalisha, napita shambani. Sasa umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, TV ya chogo, ile nene ya zamani, ikafa. Redio kaseti inatafuna kanda. Na vitufe vya mstari wa juu havijibu hata ukivikandamiza kwa kiganja.

Juzi alivaa koti la kazini akaondoka. Alipita kwa jirani yetu Fransiska akamwambia amechelewa kipindi. Tulimpata njia ya kwenda Dirma, miguu imejaa tope, anamwuliza mchunga mbuzi kama kengele imelia. Yule mchunga mbuzi alikuwa na adabu, akamjibu, "Bado, mwalimu."

Wewe ni fundi, nisaidie. Ila usiniambie niitume huko. Asipoiona mezani anapekua nyumba nzima.

Ni mimi,
Baba yako


Mwanza, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Na mama mpe shikamoo yangu, hata kama atauliza ni ya nani.

Sisi wazima. Judica ameanza chekechea, anarudi na mafua ya kila mtoto wa darasani. Mimi naingia zamu ya alfajiri, nikitoka natamani kukaa tu, lakini barua yako imenikaa moyoni.

Kuna watu duniani wanazipenda kompyuta za aina hiyo, wanazitengenezea vipuri vipya kama watu wanavyofanya kwa magari ya zamani. Nimeagiza vilivyowezekana, vingine nimeviunda mwenyewe. Mle kwenye boksi utakuta vitu vitatu. Cha kwanza ni karatasi ya plastiki inayokaa chini ya vitufe. Ya zamani itakuwa imekauka kama ganda la kitunguu. Ichomoe polepole, ingiza mpya, usiikunje. Cha pili ni kipande kidogo chenye miguu mitatu, kinapunguza umeme unaoingia. Kilichomo humo kinachemka sana, hiki hakichemki. Cha tatu ni waya wa picha. Ndani kuna kisanduku cha bati kinachorusha picha kwa mawimbi, na TV za siku hizi haziyapendi. Utakata pale nilipochora kwa rangi nyekundu, utachomea waya pale nilipochora kwa bluu. Hapo picha itaingia moja kwa moja kwenye TV ya flati niliyowatumia Krismasi.

Nimeweka kichomeo na risasi ya kuchomelea. Chomoa umeme kwanza, baba, tafadhali.

Kaseti nitumie. Usizicheze tena kwenye ile redio.

Na ninauliza tena, ingawa ninajua jibu: kwa nini msije kukaa huku? Chumba kipo.

Mwanao,
Leticia


Nangwa, 7 Aprili 2024

Kwa binti yangu Leticia,

Marahaba. Mama yako aliuliza shikamoo ni ya nani. Nikamwambia ya Leticia. Akasema, "Yule wa dawati la mbele?" Nikasema ndiyo.

Kuhusu kuja huko, hapana. Hapa anajua mlango uko wapi. Huko atafungua mlango atokee barabarani kwa watu wasiomjua. Usinijibu hilo.

Boksi lilifika salama. Nilikaa nalo siku nyingi kwa sababu mikono yangu inatetemeka, nawe hukuniuliza. Mwishowe niliweka debe la mahindi juu ya meza nikaegemeza kiwiko, ndipo mkono ukatulia. Karatasi ya zamani ilivunjikia vidoleni. Mpya iliingia kwa shida, mara ya kwanza niliikunja kidogo pembeni, lakini inafanya kazi. Kile kisanduku cha bati kilinitoa jasho. Niliunguza kidole na kitambaa cha meza.

Mama yako alikuwa amekaa pembeni akinitazama muda wote. Akaniuliza, "Fundi, umetokea wapi?" Nikamwambia ninatokea hapa hapa Nangwa. Akasema, "Mume wangu naye anatokea Nangwa. Labda unamfahamu."

Nikasema nimewahi kumwona.

Picha imetoka. Safi kuliko ilivyowahi kuwa. Maandishi meusi, chini umeandikwa mwaka ilipotengenezwa, kana kwamba hakuna kilichopita. Kaseti zote nimezifunga kwenye kanga ya mama yako, zinakuja na basi.

Baba yako


Mwanza, 28 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Pole kwa kidole. Na pole kwa hilo lingine. Nililisoma kazini nikatoka nje kidogo.

Kaseti zimefika. Nyingi zimeota ukungu, hazifai. Moja ndiyo iliyonusurika, ile aliyoiandika HESABU kwa wino wa kijani. Nimeicheza na kuirudia mpaka programu ikatoka nzima, hakuna hata mstari uliopotea. Nimeihamishia kwenye memori kadi, kama hizi za simu.

Sasa kifaa hiki kipya kinachomekwa nyuma ya kompyuta, pale penye meno ya shaba. Hakihitaji kuchomea kitu. Ukiwasha tu, bonyeza kitufe, zoezi la mama linafunguka hapo hapo, hata kope hujapepesa. Hakuna tena kusubiri, hakuna kanda ya kukatika. Nimekijaribu kwa rafiki yangu Dionis, ambaye naye ana kompyuta kama hiyo, kikafanya kazi bila tatizo. Nilifurahi peke yangu kama mjinga.

Niambie atakavyokipokea.

Mwanao,
Leticia


Nangwa, 19 Mei 2024

Leticia,

Hatujambo. Kifaa kimefika, nimekichomeka, kinafanya kazi kama ulivyosema. Kosa si lako.

Mama yako hakitaki. Nilimkalisha, nikawasha, nikabonyeza, zoezi likaja papo hapo. Akanitazama, akatazama skrini, akasema, "Hii si yangu. Yangu inalia kwanza." Nikamwonyesha jina lake pale juu. Akasema mtu amemwibia kazi yake akaiweka kwenye mashine nyingine. Alilia, Leticia. Kisha akaisukuma, nikaidaka kabla haijaanguka.

Nimejaribu kila asubuhi, na ni hivyo hivyo. Ameanza tena kuvaa koti. Nafunga geti kwa kufuli na yeye anasimama pale akilitikisa, wapita njia wananiangalia kama mtu aliyemfunga mkewe. Ndiyo, nimemfunga mke wangu. Ng'ombe mmoja ana ugonjwa wa kiwele kwa sababu sikumkamua kwa wakati. Maharage yameozea shambani.

Nimechoka.

Baba


Mwanza, 2 Juni 2024

Baba yangu, shikamoo.

Tangu nipate akili sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako.

Nimekaa nikakumbuka nilipokuwa mdogo. Mama anaweka kaseti, ile sauti inaanza, inapiga mluzi mrefu halafu inakwaruza kama mvua juu ya bati, na pembeni mwa skrini inapita michirizi ya rangi. Ilichukua muda kiasi cha uji kupoa. Mama alikuwa akikunja mikono na kutulia. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Siku nzima ule ndio ulikuwa muda pekee ambao hakuna mtu aliyemdai kitu. Nami nimemwondolea.

Nimeunda kingine. Ni kisanduku kidogo chenye kadi ile ile, lakini kinaicheza polepole kama kaseti, sauti yote, na nimekiwekea spika yake. Unakichomeka pale ilipokuwa ikichomekwa redio. Kile cha nyuma kitoe kabisa. Waya uko tayari, baba, usichomee kitu chochote.

Naomba nije. Hata wiki moja. Usiseme nina kazi.

Mwanao,
Leticia


Mwanza, 30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Sijapata jibu. Watu wa basi wanasema mzigo ulichukuliwa Katesh, lakini hawajui ni nani aliyeuchukua. Simu ya Fransiska haipatikani. Najua wewe husikii, lakini nimepiga simu yako kila siku, angalau uone inawaka.

Andika hata mstari mmoja. Mnaendeleaje?

Leticia wako


Nangwa, 14 Julai 2024

Kwa binti yangu Leticia,

Marahaba, mwanangu, na unisamehe kwa kimya. Baridi ya huku mwaka huu ni kali, upepo unashuka kutoka mlimani mchana kutwa. Niliugua kifua nikalala, hata kalamu nilishindwa kuishika. Mzigo alichukua Fransiska. Simu yake iliharibika. Ndiye aliyetupikia sisi wote wawili na kukamua, na sikumwomba. Simu niliiona inawaka. Nilijua ni wewe.

Nilipopata nguvu ya kukaa nilichomeka kisanduku chako. Mimi sikusikia kitu, lakini niliweka kiganja juu ya spika nikaisikia inatetemeka. Michirizi ikaanza kupita, myekundu, bluu, njano. Mama yako alikuwa mlangoni na koti lake. Akageuka. Akaja akakaa, akakunja mikono. Uso wake ulilegea, Leticia, kama mtu aliyetua mzigo. Alisubiri mpaka mwisho.

Zoezi lilipofunguka likauliza jina la mwanafunzi. Akasema kitu akiwa ameelekea skrini, midomo yake sikuiona. Nikamwonyesha masikio. Basi akakiandika pale pale kwenye skrini, herufi moja moja: WEWE NANI. Nikamwambia, Nikolausi. Akafuta, akaandika Nikolausi, bila kukosea. Akavuta kiti akanikalisha, na tukaanza hesabu. Ya kuzidisha niliipata. Ya sehemu nilikosa, akanirudishia mara tatu, hakunikasirikia. Hanijui kuwa ni mume wake. Lakini ananijua kuwa ni mwanafunzi wake, na kwa muda mrefu sijajulikana na mtu humu ndani.

Nilikuwa bado nakohoa. Akanishika paji la uso. Akanionyesha mlango kwa kidole, nikaona midomo yake ikisema pole pole, kama anavyosemeshwa mtoto: "Umechoka. Nenda nyumbani ukalale."

Nilikwenda chumbani nikalala mpaka jua likashuka. Nilipoamka alikuwa bado mezani, anafundisha.

Geti silifungi tena. Fransiska atakuwa anakuja asubuhi, tumekubaliana. Lakini ana mji wake na ana watoto.

Ulisema nisikuambie una kazi. Sikuambii. Njoo, mwanangu, na Judica pia. Kompyuta imepona, ng'ombe wanapona, mama yako yupo. Mimi ndiye siwezi tena peke yangu.

Baba yako