Pale Ulipokuwa Ukikohoa

Mwaka umepita, Baba, tangu kifua kile kikushinde. Tumechoka. Tunakwambia waziwazi kwa sababu hukupenda watu wa kujikaza bure.

Ulipostaafu ulianza kuwafundisha wazee wenzako kuimba na kupiga kinanda. Tulikutania: "Vidole vimeshakakamaa, vitajifunza nini?" Ukatujibu, "Wamelea, wamezika, wametumikia watu maisha yao yote. Wacha nao wawe na kitu chao." Basi sebule ikawa yao. Yule fundi cherehani mwenye mikono ya kutetemeka ndiye uliyempa kinanda, na hakuna aliyeruhusiwa kumaliza wimbo kabla yake.

Ulipoondoka, mzigo ulimwangukia Mama. Kila Alhamisi anapanga viti, anachemsha chai, anakaa mlangoni akiwasikiliza. Muziki hajui hata chembe. Magoti yanamuuma, na usingizi ulimhama siku ile ile uliyotuacha. Wiki iliyopita alituambia, "Wanangu, sijiwezi tena. Leo nawaaga wazee, na kinanda nakifunika." Hatukumbishia.

Wazee wakaja, wakaanza kuimba. Walipofika katikati, wote kimya. Hapo ndipo ulipokuwa ukisimama kukohoa na kunywa maji, nao walijifunza hivyo hivyo, wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Binti yako alikwisha kuwaeleza kwamba hapo hapana kituo. Wakamwambia, "Mwanetu, sisi Mwalimu alitufundisha hivi," yakaishia hapo.

Sasa wakawa wanakitazama kiti chako, wanangoja useme neno lako la kuwaendeleza. Vidole vya fundi vilikuwa juu ya kinanda, vinatetemeka. Mama alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Akaliweka chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli, "Haya jamani, twende."

Wakaendelea na wimbo. Fundi alifika mwisho peke yake, wenzake wakimngoja.

Walipoondoka tukamwuliza Mama kama amewaaga. "Nitawaagaje," akasema, "na wao wananingoja mimi?" Kisha akalia, Baba, nasi tukalia naye. Kupanga viti sasa ni kazi yetu.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe zako, wajukuu, dada yako aliyekulea, na wanafunzi wako wenye mvi.

Siku zote tutanyamaza pale pako.