Gari Lililolalia Kushoto

Mpendwa Papa Neema,

Binti yako amenunua gari. Ni la mtumba, na fundi wa huko Bangboka, Neema wetu anakofanya kazi, amelinyanyua kidogo kwa sababu ya mashimo ya barabara. Jumapili alinipigia simu akasema tangu linyanyuliwe limeinama upande mmoja, na fundi kila siku anabadilisha kitu kingine. "Mama," akaniuliza, "ile ya papa mulifanyaka namna gani?" Nikamweleza yote bila kukwama. Hakujua kwamba mama yake mshonaji anafahamu mambo ya chini ya gari. Tangu siku hiyo nakuwaza, na maneno yamekuwa mengi mno kuyasema peke yangu jikoni.

Unaukumbuka mwaka ule majeshi mawili ya wageni yalipopigana katikati ya mji wetu. Neema alikuwa na miaka sita, na muda mfupi kabla tulikuwa tumempeleka kwa dada yangu Bafwasende. Siku zote za mabomu tulilala sakafuni nyuma ya ukuta wa jikoni, mimi nikishukuru kwamba mtoto yuko mbali. Kisha kukatulia, na watu wa baiskeli wakaleta habari kwamba huko nako askari wameingia na watu wanakimbilia msituni. Hapo shukrani yangu ikaisha. Tulimtaka mtoto nyumbani.

Pikapu yako ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya barabara ile. Ulikuwa umeongeza lame moja kila pembe, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kubeba uzito wa gari, ili tumbo lake lisikwame kwenye matope. Ukaondoka alfajiri. Kabla ya saa sita ulikuwa umerudi, umekaa mlangoni bado na kofia kichwani.

Ulinisimulia jinsi askari wa barieri, kile kizuizi cha barabarani, alivyolizunguka gari mara mbili, akainama nyuma upande wa kushoto. "Gari yako iko inalala," alikuambia. "Unaficha nini huku chini?" Wakashusha kila kitu, hata gurudumu la akiba, wasipate chochote. Hata hivyo akasema ukirudi na gari likiwa hivyo, litabaki pale.

Nilingoja upige kelele. Badala yake uliinuka, ukalizunguka gari vilevile kama askari, ukainama mahali palepale alipoinama yeye.

"Lakini kweli inalala," ukasema. "Sasa juu ya nini?"

Ulianza na yaliyo mepesi. Ukapima upepo wa magurudumu, ukawa sawa. Ukabadilisha magurudumu, la kushoto kulia, la kulia kushoto. Gari likabaki limeinama. Ukasema labda ni uwanja wetu wenye mteremko, tukalisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji ya lile ghala la kahawa lililoachwa wazi. Pale ukaniomba utepe wangu wa kushonea. Nilikupa kwa shingo upande, maana mikono yako ilikuwa na grisi. Ukapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu la nyuma. Kushoto kulikuwa chini kwa sentimita nne.

Siku ya pili ulifungua lame zote za nyuma. Za kushoto ukazipeleka kulia, za kulia ukazileta kushoto. Ulinieleza sababu, nadhani kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine: kama kuna lame iliyochoka, ugonjwa utahama nayo. Kazi hiyo ilikula mchana mzima. Uliposhusha jeki tukapima tena, na kushoto ndiko kulikokuwa chini, sentimita nne zilezile. Ulikaa juu ya gurudumu, ukafuta uso, ukabaki na mistari miwili myeusi shavuni. Kisha ukanigeukia.

"Mama Neema, wewe unaona nini?"

Nikakujibu, "Mimi sijue mambo ya gari."

"Sikuulize mambo ya gari. Unaona nini?"

Ukasubiri. Nami nikasema lile nililokuwa nikiliwaza tangu asubuhi na kuona haya kulitamka: "Mutu akiniletea nguo, libaya yenye inashuka upande huku chini, mimi sikatake chini. Naangalia kwanza kwenye bega."

Hukucheka. Ulitazama mbele ya gari kwa muda mrefu. Halafu ukachukua jeki, ukaiweka chini ya chuma cha fremu kinachokatiza mbele, katikati kabisa, ukanyanyua mpaka mbele kote kukakalia sehemu hiyo moja. Ukaniambia nipime nyuma mwenyewe. Kushoto na kulia, namba ileile. Nikapima mara ya pili kwa kuwa sikuamini.

"Bon," ukasema, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyefunguliwa mlango. "Nyuma haina kosa. Mbele ndiyo inamusukuma."

Tukashusha, tukapima mbele. Kulia kulikuwa juu. Pembe ya mbele kulia ilijinyanyua na kuikandamiza pembe ya nyuma kushoto, kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Lakini kwa nini? Lame ulizoongeza zilikuwa sawa, umezikata mwenyewe kutoka chuma kimoja. Tulilala wote wawili juu ya mkeka chini ya gari, tukitazama juu. Ukanionyesha raba zilizo kwenye ncha za lame, na bulo, ile bolti inayopita ndani ya kila raba.

Nikakuuliza, "Upande gani ulimaliza wa mwisho?"

"Ya kuume," ukasema. "Ile siku mabombi ilianza. Ulinita ndani."

"Na gurudumu ilikuwa chini?"

Ulifumba macho. "Hapana. Ilikuwa inaning'inia. Nilikaza mbio-mbio, nikashusha jeki, nikakimbia."

Basi ndiyo hiyo. Raba ilikuwa imebanwa gurudumu likiwa linaning'inia hewani, na gari liliposhuka, raba ikajipinda na kuendelea kulinyanyua upande ule. Ulilegeza bulo za kulia, na gari likashuka taratibu mbele ya macho yetu. Tukapanda wote wawili juu ya bampa, tukarukaruka kama watoto, mimi nikiwa nimeshika liputa yangu kiunoni kwa mkono mmoja. Kisha ukakaza, safari hii uzito wote ukiwa chini. Nikapima. Ilibaki nusu sentimita, ukasema hiyo hata askari hana macho yake.

Pale barieri ulipita. Ulikaa siku tisa, ukarudi na Neema akiwa amekonda, amenyolewa nywele, ana kidonda mguuni, lakini mzima.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia miaka yote uliyoishi. Mwezi ule kaka yangu, yule mwenye duka Makiso, alikuwa amenipatia nafasi mbili kwenye ndege ya mizigo ya kwenda kwetu Kivu. Mbili: yangu na ya Neema. Nilikuwa nimekubali. Haikuwa vita peke yake. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka minane, na ndani ya nyumba yetu kila swali ulilijibu wewe mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimechoka kukaa kimya. Nilikusudia uniletee mtoto, kisha niondoke.

Lakini pale ghalani uliniuliza, na ukasubiri jibu. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichokufundisha kusubiri siku ile, kama ni hofu, au uchovu, au ulitaka tu kujua. Ningependa sana kukuuliza. Najua tu kwamba baada ya hapo hukuacha tena kuniuliza, hadi kule hospitali, ulipotaka maoni yangu juu ya dawa zako.

Kaka alikuja mchana wa siku mliyorudi, kuniambia ndege ni kesho. Nilitoka nikazungumza naye nje. Nilimwambia atafute wengine wawili. Akaniuliza kumetokea nini, nami sikujua nimweleze vipi, nikamjibu tu kwamba nabaki. Wewe ulikuwa umelala ndani na Neema juu ya kifua chako, na hukusikia lolote.

Pumzika, mume wangu.

Mama Neema, mke wako